Vumbi la Mawe

Mke wangu hana neno na samaki. Ugomvi wake ni ndoo: ndoo tano za maji ya kijani nyuma ya nyumba, zimefunikwa vipande vya chandarua, na hakuna mgeni anayekwenda uani asirudi na swali. Wa mwisho alikuwa shemeji yangu, ambaye hata hakuuliza. Alikuta maji ya kijani, akajua yameharibika, akanyanyua ndoo ya kwanza akamwagilie mchicha. Nilimuwahi kwenye tuta la kwanza. Nikamwomba aiweke chini, aondoe chandarua, atazame. Akainama. Mle ndani kulikuwa na vitu kama chembe za uwele, mamia kwa mamia, vinaruka na kuzama, vinaruka na kuzama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Shem, maji yako yana viroboto."

Jina hakukosea. Ni viroboto maji kweli. Ila hawaumi, hawanyonyi damu, na wala si wadudu; wamewekwa kundi moja na kamba na kaa, si na kiroboto wa mbwa. Kilichowapa jina ni mwendo. Mmoja ana vipapasio viwili vikubwa vilivyogawanyika kama matawi, anavipiga chini kama mvuvi anavyopiga kasia, anaruka juu kidogo, anazama, anapiga tena. Mholanzi Jan Swammerdam aliwaandika kwa jina hilo la kiroboto mwaka 1669, na limewaganda mpaka leo. Wa kwenye ndoo zangu ni moina, ambao wakikua ni milimita moja hivi. Binamu zao, dafnia, ni wakubwa zaidi. Yule anayeitwa Daphnia magna hufika milimita tano, na kwa mdomo wa samaki mdogo huyo ni mfupa.

Nilianza kwa sababu ya furu. Nina tangi la kioo sebuleni, na ndani yake kuna furu wachache pamoja na gapi wa mapambo waliokuja kwa basi kutoka Dar wakiwa kwenye mfuko wa nailoni. Watu wa Ziwa Victoria wanawajua furu, samaki wadogo wenye miba waliokuwa wengi mpaka hakuna aliyewathamini. Sangara akaletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikawa hazionekani tena. Jike la furu hulea mayai mdomoni. Likishatema vifaranga, vinatoka na njaa ya wiki kadhaa, na mimi nilivipa nilichokuwa nacho: unga wa dagaa uliotwangwa na kuchekechwa. Wavivu wakaula, wengine wakaukosa, na uliobaki ukaozea chini. Siku ya nne tangi linanuka kama mwalo saa nane mchana. Siku ya sita nilikuwa nimebakiwa na vifaranga watatu kati ya thelathini na kitu.

Mzee mmoja anayefuga samaki Dar aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, kifaranga hali kitu kilichokufa. Tafuta moina." Nikamuuliza wanauzwa wapi. Akacheka.

Anayeijua Mwanza anajua mawe. Yamesimama mpaka ziwani, yamepandana juu ya vilima, watu wamejenga katikati yake na juu yake. Sehemu zilizobonyea juu ya mawe hayo hujaa maji ya mvua ya Novemba, yakakaa wiki mbili tatu, yakakauka. Madimbwi kama hayo, yasiyo na samaki na yasiyodumu, ndiyo makazi yanayomfaa moina. Tatizo ni kwamba mimi nilipata hamu hiyo mwezi Agosti, mawe yamekauka kama kikaango. Karibu na kwetu lipo shimo la wafyatua matofali lenye maji mwaka mzima, na ukiinama unawaona viroboto maji kwa macho. Sikuligusa. Kichocho huku kwetu si habari ya redioni, na konokono wa lile shimo hawahesabiki. Tena, ukichota kwenye shimo la namna hiyo unachota na wageni wengine: hidra, kijinyama kinachokamata windo kwa mikono yake, na watoto wa kereng'ende ambao watakula vifaranga vya samaki kabla samaki wakubwa hawajaamka.

Kwa hiyo nilipanda jiweni na kijiko na bahasha. Chini ya bonde moja dogo, kubwa kama sinia la pilau, tope lilikuwa limekauka na kujikunja kama ukoko wa ugali. Nikakwangua. Nyumbani nikatia vijiko viwili kwenye bakuli jeupe la plastiki, nikamimina maji ya mvua tuliyokuwa tumeyahifadhi, nikaliweka dirishani. Kutwa ya kwanza, tope tupu. Ya pili vilevile. Asubuhi ya nne, kabla ya chai, niliona nukta nyeupe saba zikiruka.

Sikumwambia mtu. Nilivuta kigoda nikakaa.

Mambo yako hivi. Kwenye maji mazuri, viroboto maji ni majike matupu. Kila jike linazaa mabinti bila dume, na binti ana jeni zilezile za mama. Kwenye joto letu moina hukomaa kwa siku nne au tano, kisha huzaa kila baada ya siku moja na nusu au mbili; piga hesabu mwenyewe uone kwa nini nukta saba zilikuwa ndoo nzima kabla ya mwezi kuisha. Lakini msongamano ukizidi, chakula kikipungua, au dimbwi likianza kukauka, mama hubadilisha uzazi. Anaanza kuzaa na madume. Na dume huyo naye, hili nililisoma mara tatu, ana jeni zilezile za mama yake. Hakuna kilichobadilika katika damu. Ni hali ya maji tu iliyomfanya yai lilelile liwe mwana wa kiume.

Kisha majike wengine hutoa yai la aina nyingine, linalohitaji dume, na yai hilo hufungiwa ndani ya ganda gumu jeusi mgongoni kwa mama. Wataalamu wameliita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya tandiko la farasi, na ukiliona utawaunga mkono. Mama akijivua gamba, tandiko linaanguka chini. Hapo hata dimbwi likauke, jua lichome, upepo ulipeperushe, ndege alimeze na kulitoa upande wa pili, yai limo. Linangoja maji. Nilichokikwangua pale jiweni hakikuwa vumbi.

Ndoo ilipojaa nilimtoa mmoja nikamweka kwenye tone la maji juu ya kipande cha kioo, na mbele ya kamera ya simu nikashika lenzi niliyoazima kwa fundi saa. Mwili wake unaonekana hadi ndani, kama mfuko wa barafu. Ana jicho moja tu, jeusi, linalotetemeka muda wote kama mtu anayesoma maandishi madogo. Utumbo unapita katikati kama uzi wa kijani, kijani cha mwani aliokula. Mgongoni, juu kidogo, moyo unapiga kwa kasi ambayo nilijaribu kuihesabu kwa saa nikashindwa. Kwa dafnia kwenye maji ya nyuzi 20 hutajwa mapigo 180 hivi kwa dakika, na uani kwangu ni joto zaidi. Nyuma ya moyo kuna chumba, na ndani ya chumba watoto wanane, kila mmoja tayari ana kijicho chake cheusi. Nilimwita binti yangu wa darasa la tano. Alitazama kimya, akauliza, "Baba, hao watoto wanamwona mama yao kwa ndani?" Sikuwa na jibu.

Uwazi huo uliwahi kumpa mtu kazi kubwa. Ilya Mechnikov, Mrusi, alikuwa akiwatazama dafnia kwa hadubini walioshikwa na kuvu jamii ya hamira wenye mbegu kali kama sindano. Aliona mbegu ikitoboa utumbo na kuingia mwilini, na aliona chembe za damu za dafnia zikiikusanyikia na kuimeza. Pale chembe ziliposhinda, dafnia alipona, zilipozidiwa, alikufa. Aliandika hayo mwaka 1884, na mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili. Tukizungumza leo habari za chembe nyeupe za damu kumeza vijidudu, ukoo mmoja wa mazungumzo hayo unapita kwa mnyama ambaye shemeji yangu alitaka kummwaga kwenye mchicha.

Kuwafuga hakuna siri, ila kuna masharti, na karibu yote yanahusu maji badala ya wanyama wenyewe. Kiroboto maji hatafuti chakula. Anapunga miguu yake midogo ndani ya gamba, maji yanapita, na chochote kidogo kinachoelea kinanaswa: mwani, bakteria, chembe za hamira. Kwa hiyo wewe kazi yako ni kuyafanya maji yawe chakula. Mimi huweka ndoo moja juani ikiwa na maji ya zamani ya tangi la samaki, ambayo tayari yana mbolea, na baada ya wiki huwa kijani kama mlenda. Kutoka hapo nachota kikombe kimoja kimoja kwenda kwenye ndoo za moina. Mwani ukikosekana, siku za mawingu, natumia hamira ya dukani: kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, imekorogwa kwanza kwenye glasi, kwa ndoo ya lita 20. Maji yawe na ukungu mwepesi tu. Kesho yake ukikuta yametakata, walishe tena. Ukikuta bado yana ukungu, weka hamira yako kabatini uende ukafanye kazi nyingine.

Sharti hilo la mwisho nimelivunja mara nyingi kuliko yote. Mtu akipenda kitu anakilisha. Nilizidisha hamira siku kadhaa, ikaoza, hewa ikapungua majini, asubuhi moja nikakuta ndoo nzima wamekuwa wekundu. Wekundu kweli, rangi ya nyanya. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe hewa ya oksijeni ikipungua majini, hutengeneza himoglobini nyingi zaidi, ileile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, ili wakamate kidogo kilichopo. Wanaokufa huanza kuwa wekundu. Sasa nikiona wameanza rangi ya waridi namwaga theluthi ya maji na kuweka mapya. Maji ya bomba hukaa wazi juani siku mbili kwanza, klorini ipotee.

Chandarua ni kwa ajili ya mbu, na hapo mke wangu alikuwa na haki. Maji yaliyotuama uani ni maji ya mbu, hata uyape jina gani, na viluwiluwi navyo hula mwani uleule.

Kuna kosa moja la jina ambalo lina madhara. Watu huwaita viroboto maji pia wale wanyama wadogo wa majini wanaobeba mnyoo wa Guinea, uliosumbua sana Sudan Kusini na nchi jirani. Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina mnyoo huo mwaka 2018. Hao wanaoubeba ni jamii nyingine, saiklopu. Saiklopu ni mwembamba, anateleza majini kwa mishtuko ya haraka, na jike lake huning'iniza vifuko viwili vya mayai nje ya mwili, huku na huku, kama mwanamke aliyebeba madumu mawili. Moina na dafnia hubeba watoto ndani, mgongoni. Ukiona vifuko viwili ndoo yako imeingiliwa. Kwa samaki si neno, saiklopu naye analiwa. Lakini maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa, kama ilivyofanywa huko ulikopigwa vita mnyoo ule.

Kwa watu wa Kigoma nina la kuwachokoza: ziwa lenu, pamoja na kina chake chote na dagaa wake, halina viroboto maji huko katikati kwenye maji mengi. Dagaa wa Tanganyika wanaishi kwa ndugu za saiklopu. Ziwa letu lina moina, na lina dafnia aitwaye lumholtzi, anayevaa silaha: kichwa kimechongoka kama mkuki, na mkia ni mwiba mrefu. Miiba hiyo hurefuka akikua kwenye maji yenye harufu ya samaki, na hufupika akikua kwenye maji yasiyo na samaki. Mama huonja maji, watoto huzaliwa na mikuki. Huyo naye amesafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligunduliwa Texas, Marekani, kisha akaenea kwenye mabwawa ya huko, na baadhi ya wataalamu wanashuku alifika na sangara waliopelekwa kupandikizwa Texas.

Wamarekani wasilalamike sana, kwa sababu wao walitutangulia. Watafiti walizamisha bomba kwenye tope la Ziwa Naivasha, Kenya, wakatoa mche wa tope wenye matabaka ya miaka, na kutoka kila tabaka wakaokota matandiko na kusoma jeni za mayai yaliyomo. Chini kulikuwa na dafnia mwenyeji, wa kila namna, anayezaliana kwa jike na dume. Juu kulikuwa na kloni moja tu, yaani nakala za mama mmoja, kutoka Marekani, chotara wa dafnia wawili wa huko, isiyohitaji dume hata kwa yai la tandiko. Inaaminika ilikuja miaka ya 1920 pamoja na samaki aina ya bass walioletwa kwa ajili ya wazungu wa kuvua kwa ndoano. Ndani ya takriban miaka 60 ilikuwa imemfuta mwenyeji pale ziwani, na kloni ileile ikakutwa katika maji mengine mengi ya Afrika. Utafiti huo ulitoka mwaka 2006. Jike mmoja, tuseme, na nakala zake. Nami nilikuwa nimefurahia kwamba hawahitaji dume.

Huko Minnesota wengine walikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 walitangaza kwamba wameangua mayai ya dafnia kutoka tope la ziwa linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka 700 hivi. Waliozaliwa wakala, wakakua, wakazaa.

Lakini mtu anataka kujua samaki wanasemaje. Nitasema ukweli: moina si chakula cha kutosha peke yake. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Ukimkausha, karibu nusu ya kinachobaki ni protini, na jike aliyekomaa ana mafuta ya kutosha, ila mpaka samaki mkubwa ashibe anahitaji wengi mno. Mimi huwapa wakubwa mara mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine wanakula vidonge vya kawaida. Gamba lake, ambalo halisagiki, linasafisha tumbo. Gapi aliyevimba kwa kula vidonge vikavu nimempa moina siku mbili, akapungua. Kwa vifaranga, hakuna cha kulinganisha. Watoto wa kamba wa chumvi, artemia, ambao wafugaji wengi huwanunua kwenye makopo, wakitiwa kwenye maji yasiyo ya chumvi wanakufa baada ya saa chache na kuoza. Moina anaishi humo humo. Asipoliwa asubuhi ataliwa jioni, na kabla ya kuliwa atakuwa amesafisha maji kidogo.

Na kuna kuwatazama. Furu anayekula vidonge hupanda juu kama mtu anayepanga foleni. Furu anayeona moina husimama, macho yanageuka, mwili unajikunja kidogo, kisha chap. Vifaranga hufanya vivyo hivyo, wakikosa mara tatu na kupata mara moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu niliwapoteza wote. Mtu aliyekuja kupuliza dawa ya mbu nyumba za jirani alipita na ukutani kwetu, upepo ukaleta, na mimi nilikuwa kazini. Jioni ndoo tano zilikuwa kimya. Samaki ndani hawakuwa na shida, sisi hatukuwa na shida, mchicha ulisimama wima. Waliokufa ni wale tu. Nilikumbuka kwamba hiyo ndiyo kazi yao kwenye maabara: dafnia wachanga wasiozidi saa 24 hutiwa kwenye maji yenye kemikali inayopimwa, na baada ya saa 48 wanahesabiwa wasiojongea. Jaribio hilo lilifanyika uani kwangu bila mtu kuliomba.

Niliosha ndoo mara tano. Nilikaa bila kusema kitu, mpaka mke wangu, aliyekuwa anapepeta mchele, akasema bila kunitazama, "Si una yale mavumbi yako kwenye droo?"

Bahasha ilikuwepo, chini ya risiti za luku. Nilikuwa nimesahau kwamba sikulimaliza lile vumbi. Vijiko viwili, bakuli jeupe, dirishani. Safari hii walitoka siku ya tatu, kumi na mmoja.

Wiki iliyopita jike la furu limetema. Mimi huvuna moina kwa chujio la chai: wakubwa hubaki, watoto hupita kwenye matundu na kurudi ndooni kukua, na kwa vifaranga wachanga nachuja hao watoto kwa kipande cha leso. Chujio ni la jikoni, na hilo nalo limekuwa na historia yake humu ndani. Jumamosi nilipotoka uani alfajiri nikakuta jipya limefungwa kamba, linaning'inia kwenye msumari juu ya ndoo. Baadaye wakati wa chai nikaambiwa: lile ni la viroboto wako, hili la jikoni nikikuona umelishika tutaonana wabaya.